Bei ya Kutambuliwa

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika pwani ya kusini ya Kenya, tangu Likoni hadi Vanga, methali hii haikuwa pambo la mazungumzo bali kanuni ya maisha. Pepo za kaskazi zilileta majahazi, pepo za kusi zikayarudisha, na kila msimu walikuwepo waliosalia. Wadigo na Waduruma waliishi na Wavumba na Wachifundi. Wapemba wakaja na nyavu zao. Wamakonde wakaja na nguvu za mikono yao na patasi za kuchongea mpingo. Na baadaye Wajerumani, Waswisi na Waingereza wakaja Diani kuota jua, baadhi yao wakaoa na kujenga. Kwa desturi za huku mgeni hakuulizwa barua. Aliulizwa jina lake, akaulizwa kama amekula, kisha akaonyeshwa mahali pa kulala.

Dunia ya sasa haiendeshwi kwa kanuni hiyo. Mtu wa leo hujulikana kwa hati: cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha taifa, pasipoti, viza, kibali cha kuishi. Kila hati ina ofisi yake, kila ofisi ina dirisha lake, na kila dirisha lina ada yake. Katika miaka ya hivi karibuni ada hizo zimepanda, nyingine kwa hatua ndogondogo na nyingine kwa kuruka, ndani ya Kenya na katika nchi ambako watu wa pwani huenda kutafuta riziki au kuungana na wenzi wao. Insha hii inakusudia kuitazama ngazi hiyo ya bei kwa macho ya watu wa Kwale. Msomaji ataona kwamba ada iliyoandikwa kwenye risiti mara nyingi ni sehemu ndogo tu ya gharama anazobeba mwombaji. Hata hivyo, ndiyo inayoamua nani atathubutu kuianza safari na nani atabaki nyumbani.

Hadi leo wazee wa Kwale, na vijana pia, wakikitaja kitambulisho husema kipande. Neno hilo lina historia chungu. Kwa sheria iliyotungwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, serikali ya kikoloni iliwalazimisha wanaume Waafrika kubeba cheti cha usajili, ambacho wengi walikining'iniza shingoni ndani ya kijaluba cha bati. Kipande cha wakati ule kilikuwa kamba ya kumfunga kibarua kwa mwajiri wake, na aliyetoroka shambani alitafutwa kwacho. Baada ya uhuru mambo yaligeuka. Kilichokuwa kongwa kikawa ufunguo, na mjukuu wa mtu aliyetamani kukitupa kipande baharini akawa anapanga foleni alfajiri ili akipate.

Pengine hakuna jamii iliyoijua thamani ya ufunguo huo kuliko Wamakonde wa Msambweni. Kuanzia miaka ya 1930, wazee wao walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa, yakiwemo yale ya Ramisi. Wengine walifuata baadaye, wakiikimbia vita ya ukombozi dhidi ya Wareno. Walioa na kuolewa, wakazaa na kuzika, wakajua kusema Chidigo na Kiswahili cha huku. Uhuru ulipopatikana tarehe 12 Desemba 1963, Katiba iliwapa uraia wa moja kwa moja watu waliozaliwa Kenya ambao angalau mzazi wao mmoja alizaliwa Kenya pia. Makundi mengine yaliwekewa muda na masharti ya kujisajili. Kibarua wa mkonge aliyezaliwa Msumbiji hakuwamo katika kundi la kwanza, na muda wa kujisajili ulipita wengi wa wenziwe wakiwa shambani.

Matokeo yake yalidumu kwa zaidi ya nusu karne. Mchongaji wa Kimakonde aliweza kukiuza kinyago chake kwa mtalii, na kinyago hicho kikapanda ndege hadi Ulaya, ilhali mwenyewe hakuweza kupita kizuizi cha polisi barabarani bila moyo kumdunda. Aliyekichonga hakuwa na hati. Kilichochongwa kilikuwa na risiti. Watoto walisoma hadi pale ambapo shule haikudai karatasi, wakasimama hapo. Ardhi haikuandikwa kwa majina yao, benki haikuwafungulia akaunti, wala kura hawakupiga.

Mnamo Oktoba 2016 mamia ya Wamakonde waliondoka Kwale kwenda Nairobi, sehemu ya njia wakitembea kwa miguu, kudai haki hiyo. Tarehe 13 mwezi huo walipokelewa Ikulu na Rais Uhuru Kenyatta, aliyeagiza wapewe vitambulisho kabla mwaka haujaisha. Tangu hapo wakahesabiwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Ni vyema msomaji atulie hapa kidogo. Watu waliokuwa wameishi nchini kwa vizazi vitatu walilazimika kuacha mashamba na vibarua vyao, wakasafiri mamia ya kilomita, ili waambiwe kwamba pale wanapoishi ndipo kwao. Hiyo nayo ni gharama, ingawa haikuandikwa katika orodha yoyote ya ada.

Wapemba walingoja zaidi. Wapo waliovuka mkondo wa bahari kabla ya uhuru wakifuata samaki, na wapo waliovuka baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964. Hata Januari 2001, baada ya ghasia za kisiasa kisiwani Pemba, zaidi ya watu 2,000 walikimbilia Shimoni kwa mashua, ingawa wengi wa hao walirejea kwao baadaye. Lakini wale wa zamani, waliotawanyika Shimoni, Kibuyuni, Gazi, Vanga na hadi Kilifi, walizaa watoto na wajukuu ambao hawakuwa raia wa Kenya wala wa Tanzania. Hatimaye, mwaka 2023, serikali iliwatambua rasmi kuwa miongoni mwa jamii za Kenya, na Julai mwaka huo Rais William Ruto aliwakabidhi baadhi yao vitambulisho mjini Kilifi.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, kisa hiki kina jambo la kumfikirisha. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011, iliyofungua njia ya kuwasajili watu wasio na uraia waliokuwapo nchini tangu uhuru, ilitaja miongoni mwa masharti yake kwamba mwombaji awe na ujuzi wa kutosha wa Kiswahili au wa lugha ya kienyeji. Kama lugha pekee ingetosha, Wapemba wangalikuwa raia tangu walipoanza kutamka. Kiswahili chao ni cha kunyonya, chenye lahaja ambayo wataalamu wa isimu wamekuwa wakiivukia bahari kwenda kuisikiliza. Hawakukosa lugha. Walichokosa ni hati za kuthibitisha kuzaliwa, mashahidi waliokubaliwa na ofisi, nauli za kwenda na kurudi, na kabla ya yote hayo, nchi iliyokuwa tayari kuwasikia.

Sasa na izingatiwe mfuatano wa tarehe. Julai 2023 Wapemba wanakabidhiwa vitambulisho, na wazee wanalia kwa furaha. Miezi minne tu baadaye, Novemba 2023, tangazo katika gazeti rasmi la serikali linapandisha ada za hati karibu zote. Kitambulisho cha mara ya kwanza, ambacho mwombaji hakukilipia, kinawekewa shilingi 1,000. Kukibadilisha kilichopotea kunatoka shilingi 100 hadi 2,000. Cheti cha kuzaliwa kinatoka shilingi 50 hadi 200. Mlango uliofunguliwa Julai ukawekewa mtoza ushuru Novemba.

Tangazo hilo lilipingwa, na Mahakama Kuu ikasimamisha utekelezaji wake. Machi 2024 serikali ikaja na viwango vilivyopunguzwa: shilingi 300 kwa kitambulisho cha kwanza na shilingi 1,000 kwa kile cha kuchukua nafasi ya kilichopotea. Mwaka 2025 ada ya shilingi 300 ikasamehewa kwa waombaji wa mara ya kwanza. Hatua hiyo ya mwisho yastahili kusifiwa, na aliye mwungwana hasiti kusifu. Lakini haifuti swali lililozuka. Kilichosamehewa leo kwa amri kinaweza kurudishwa kesho kwa tangazo, na kijana anayetimiza miaka 18 hachagui mwaka wa kuzaliwa.

Wapo watakaouliza: shilingi 300 ni kitu gani? Si bei ya kilo moja ya samaki? Swali hili huulizwa zaidi na wale ambao kwao shilingi 300 ndiyo gharama nzima. Na achukuliwe, kwa mfano tu, kijana wa kisiwa cha Wasini. Kwanza sharti avuke kwa mashua hadi Shimoni. Kutoka Shimoni atapanda bodaboda au matatu hadi barabara kuu, na kutoka hapo gari jingine hadi ofisi ya usajili. Kabla ya hayo atakuwa amekwenda kwa chifu kutafuta barua, ametafuta nakala za vitambulisho vya wazazi, na ikiwa hakusajiliwa alipozaliwa, ameanza na safari nyingine ya kutafuta cheti cha kuzaliwa. Ofisini anaweza kuambiwa arudi, kwa kuwa jina la baba limeandikwa kwa herufi moja tofauti na ile iliyo katika cheti. Kila safari ni siku asiyokwenda baharini, na siku asiyokwenda baharini ni chakula kisichopikwa. Baada ya yote hayo ndipo ada inapodaiwa. Kwa mtu aliyekwisha kutumia akiba yake yote njiani, shilingi 300 si 300. Ni tofauti kati ya kumaliza na kuacha.

Isitoshe, lipo fumbo jingine ambalo aliyeitunga taratibu hii huenda hakulitambua. Tangu mwaka 2023 serikali imeelekeza malipo ya huduma zake yapitie mfumo wake mmoja wa mtandaoni, na njia nyepesi ya kulipia humo ni simu ya mkononi. Lakini laini ya simu husajiliwa kwa kitambulisho. Kwa hiyo asiye na kitambulisho hawezi kuwa na laini yenye jina lake, na asiye na laini hawezi kujilipia ada ya kitambulisho. Sharti amwombe jirani. Kwa miaka mingi ndivyo walivyoishi Wapemba wa Shimoni na Wamakonde wa Makongeni: simu kwa jina la shemeji, chombo cha uvuvi kwa jina la rafiki, fedha zilizotumwa na ndugu zikipokewa na mwenye duka. Palipo na uaminifu, mambo yalikwenda. Paliposigina uaminifu, hapakuwa na mahakama ya kumsikiliza mtu ambaye kisheria hayupo.

Vilevile na ikumbukwe aina ya kazi wanazozifanya watu wa pwani hii. Mvuvi hubeba kitambulisho chake ndani ya chombo kwa sababu huenda akakutana na doria baharini; na chombo kikipigwa na wimbi, hati huenda na maji pamoja na mishipi na nyavu. Wanawake wa Kibuyuni wanaolima mwani hushinda maji yakiwa magotini na kiunoni. Kwa watu hawa kupotea kwa karatasi si uzembe, ni sehemu ya kazi. Ada ya kubadilisha kitambulisho iliyopanda kutoka shilingi 100 hadi 1,000 humfikia karani wa mjini mara moja katika maisha yake, pengine asiwahi kuisikia. Mvuvi humfikia mara kwa mara. Ada iliyo sawa kwa wote haiwi mzigo sawa kwa wote.

Kutoka kwenye kitambulisho ngazi huendelea hadi kwenye pasipoti. Kwa wasichana wengi wa Ukunda, Msambweni na Lunga Lunga, pasipoti si kitabu cha matembezi. Ni tiketi ya kwenda Saudi Arabia au nchi nyingine za Ghuba kufanya kazi za nyumbani, ili mdogo wake aendelee na shule na paa la makuti ligeuzwe mabati. Kwa viwango vipya, pasipoti ndogo ya kurasa 34 ilipanda kutoka shilingi 4,500 hadi 7,500. Ofisi ya uhamiaji ambayo watu wa Kwale wameizoea ni ile ya Mombasa, ng'ambo ya Likoni. Kuvuka feri kwa miguu ni bure, na huenda hicho ndicho kitu pekee cha bure katika safari nzima.

Hapa ndipo madhara ya ada yanapojificha vizuri zaidi. Msichana asiye na shilingi 7,500 haachi kusafiri. Humwendea wakala. Wakala humlipia pasipoti, uchunguzi wa afya na cheti cha polisi cha tabia njema, kisha deni hilo humfuata hadi jikoni kwa mwajiri wake. Anapofika ugenini akakuta kazi si ile aliyoahidiwa, hawezi kuiacha kwa urahisi, maana kurudi nyumbani ni kurudi na deni. Hivyo shilingi 3,000 zilizoongezwa ofisini zinaweza kuonekana kuwa mapato ya serikali, kumbe kwa msichana yule ni kitanzi kilichokazwa pingili moja zaidi. Hili halisemwi ili kuwatia hatiani mawakala wote, kwani wapo waaminifu. Linasemwa kwa sababu kila hati inapopandishwa bei huongeza idadi ya watu wanaolazimika kukopa ili waipate, na anayekopa akiwa na haja hachagui masharti.

Diani ni ulimwengu mwingine, ijapokuwa iko katika kaunti hiyohiyo. Hapa ada za uhamiaji huonekana kwa pande zote mbili, ya wanaoingia na ya wanaotoka. Januari 2024 Kenya iliondoa viza kwa wageni na mahali pake ikaweka idhini ya kusafiri ya kielektroniki kwa ada ya dola 30. Kwa mtalii wa Ulaya aliyezoea kulipia viza dola 50, hiyo ilikuwa nafuu. Kwa raia wa nchi kadhaa za Afrika waliokuwa wakiingia Kenya bila kulipa, kilikuwa kizingiti kipya. Malalamiko yalisikika mapema, na mwaka 2025 raia wa karibu nchi zote za Afrika wakaondolewa sharti hilo. Yaani ilichukua takriban mwaka mmoja na nusu kutambua kwamba ada inaweza kumfukuza mgeni anayetakiwa. Mmakonde alingoja zaidi ya miaka 50 kutambuliwa kwamba si mgeni.

Kwa wanaotoka, ngazi ni ndefu zaidi. Miongoni mwa ndoa za Diani zimo za Waingereza na Wajerumani waliooana na watu wa pwani. Watu husema mengi kuhusu ndoa hizi, mengine ya kweli na mengine ya husuda, lakini sheria huzipima zote kwa mizani moja ya fedha. Uingereza ilianza kuwatoza wahamiaji mchango wa huduma za afya mwaka 2015, kwa pauni 200 kwa mwaka. Mwaka 2019 mchango huo ukawa pauni 400. Mwaka 2020 ukawa 624. Na Februari 2024 ukafika pauni 1,035. Ombi lenyewe la viza ya mwenzi linalofanywa kutoka nje ya Uingereza lilifika pauni 1,938 mnamo Aprili 2025. Kwa viza ya awali ya ndoa, ambayo hulipiwa mchango wa miaka mitatu, jumla ni zaidi ya pauni 5,000, ambazo kwa ubadilishaji wa mwaka huo zilizidi shilingi 800,000 za Kenya. Juu ya hayo, tangu Aprili 2024, mwenzi aliye Uingereza hutakiwa kuonyesha kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka, badala ya 18,600 za awali.

Nchi za Ulaya zilizo katika mkataba wa Schengen nazo zilipandisha ada ya viza ya muda mfupi kutoka euro 60 hadi 80 mwaka 2020, kisha hadi 90 Juni 2024. Euro 90 si mali nyingi kwa anayelipwa kwa euro. Kwa mhudumu wa hoteli aliyealikwa kwenda kuhudhuria mazishi ya mkwewe, ni sehemu kubwa ya mshahara, na akinyimwa viza hazirudi. Tabia hii ya ada kutorudi yafaa kuzingatiwa. Sokoni, mteja akikosa bidhaa hurudishiwa fedha zake. Katika dirisha la uhamiaji mtu hununua haki ya kuulizwa maswali, wala si hati. Jibu likiwa hapana, amekwisha kulipia hapana hiyo.

Matokeo yake katika nyumba za Diani na Ukunda hayahitaji mwanatakwimu. Wapo wake na waume wanaoonana kwa majuma machache kwa mwaka, kwa kuwa mmoja hana uwezo wa kumvuta mwenzake. Wapo watoto wanaomjua baba kwa sauti ya simu. Si kwamba sheria imekataza ndoa hizo. Hakuna sheria iliyothubutu kusema hivyo. Bei imefanya kimya kimya kazi ambayo sheria ingeona haya kuifanya waziwazi.

Ni haki kusikiliza upande wa pili. Serikali husema kwamba ada nyingi za zamani zilikaa bila kubadilishwa kwa miaka mingi ilhali gharama za karatasi zenye alama za usalama, mitambo na mishahara zikipanda. Na kwamba si sawa mkulima wa Kinango asiyepanda ndege hata siku moja kumlipia msafiri pasipoti yake. Hoja hii ina uzito. Pasipoti ya kwenda kutalii, kibali cha mwekezaji anayejenga hoteli ufuoni, viza ya mgeni wa msimu: hizi ni huduma, na anayefaidi huduma aweza kuombwa ailipie, ilimradi bei isigeuke adhabu.

Lakini kitambulisho na cheti cha kuzaliwa si huduma za namna hiyo. Sheria ya Usajili wa Watu humtaka kila Mkenya anayetimiza miaka 18 ajisajili, na asiyefanya hivyo huhesabiwa kuwa mkosaji. Dola haiwezi kumwambia raia kwa mdomo mmoja kwamba ni lazima awe na hati hii, na kwa mdomo huohuo kwamba asiyekuwa na fedha asubiri. Palipo wajibu hapafai kuwa na bei. Aidha, anayefaidika na usajili si msajiliwa peke yake. Dola isiyojua watu wake ni wangapi haiwezi kupanga madarasa wala dawa. Na mtu asiyejulikana hatozwi kodi, hahesabiwi, wala hapatikani anapotafutwa. Shilingi 300 zinazokusanywa kwa mkono mmoja hupotea mara nyingi kwa mkono wa pili.

Pwani ya kusini imekwisha kuifanya hesabu hii kwa niaba ya taifa zima. Kwa zaidi ya nusu karne wachongaji, wavuvi na vibarua walibaki nje ya daftari, na nchi haikupata faida hata moja kutokana na kukaa kwao nje. Hawakuondoka, hawakuwa na mahali pa kwenda. Waliendelea kuvua, kulima na kuzaa, ila kila walichokifanya kilifanyika kizani, kwa jina la mtu mwingine. Walipopewa hati, hakuna kilichobomoka. Waliandikisha simu zao, wakafungua akaunti, wakapanga foleni ya kupiga kura kama wengine.

Kwa hivyo jambo linalotakiwa si kubwa. Msamaha wa ada ya kitambulisho cha kwanza uwekwe katika sheria, usiachwe katika amri inayoweza kupita na msimu. Cheti cha kuzaliwa kitolewe bila malipo, kwa kuwa mtoto mchanga hana mfuko. Aliyepoteza kitambulisho kwa msiba wa baharini, kwa moto au kwa mafuriko asitozwe kama aliyekitupa. Maafisa wa usajili wavifuate visiwa na vijiji mara kwa mara, kwa maana gharama kubwa, kama ilivyoonekana, iko njiani kabla mtu hajalifikia dirisha. Na kila ada mpya ya uhamiaji inapopangwa, ndani ya nchi au katika mazungumzo na nchi za nje, aulizwe mtu wa Wasini na wa Ukunda itamfikiaje, kabla ya kuulizwa Hazina itapata kiasi gani.

Mwaka huu wapo vijana wa Kibuyuni na Makongeni wanaotimiza miaka 18. Babu zao walifika bila karatasi na wakakaribishwa. Wazazi wao wakazaliwa hapahapa, wakaishi bila karatasi na wakaogopa. Wao ndio wa kwanza katika ukoo kuwa na haki ya kuingia ofisini na kusema majina yao bila kutetemeka. Nchi inayowaambia walipe kwanza ndipo wasikilizwe itakuwa imesahau mapema mno muda waliongoja.